Mama Taratibu na Woga wa Karani

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni mtu wa polepole mpaka mtaa mzima umembandika jina la Mama Taratibu. Akianza sentensi unaweza kwenda kuoga, ukarudi, ukamkuta bado anatafuta kitenzi. Nimeshamwambia hivyo usoni, tena mbele za watu, maana utani wa shemeji ni haki yangu, na mimi si mtu wa kuacha haki yake ipotee bure.

Kazi yake ni kufagia na kupiga deki kwenye kliniki ya wanyama, ile yenye mlango wa kijani karibu na duka la matairi. Aliajiriwa mfagizi na mpaka leo analipwa kama mfagizi. Lakini nenda pale siku yoyote utamsikia daktari, bwana mmoja mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akiita kutoka chumba cha ndani: "Mama Taratibu! Acha hilo deki, njoo uongee na huyu!" Huyu ni paka aliyejibana nyuma ya kabati, au mbwa aliyekojolea meza ya chuma kwa hofu kabla hata hajaguswa. Mama Taratibu huingia, akageuza ndoo, akaikalia, akampa mnyama mgongo. Hamtazami. Anaanza kutaja vitu vilivyomo chumbani, kimoja kimoja, kwa sauti ya mtu anayesinzia: dirisha, ndoo, kitasa, taulo. Baada ya muda mnyama anakuja mwenyewe kumnusa kisogo.

"Ukimkodolea macho anadhani unataka kumla," aliwahi kuniambia.

"Na ukimpa mgongo anadhani nini?"

"Anadhani... ana... nafasi ya kuamua."

Nilicheka mpaka nikaomba maji. Mbwa na kuamua! Mimi mwenyewe sijaamua kitu nyumbani kwangu tangu nioe.

Karani, mbwa dume, alikuja pale akiwa na alama ya mnyororo shingoni, nyama mbichi kabisa, maana alifungwa kwenye ghala la mbao miaka mingi na mnyororo haukuwahi kulegezwa. Mwenye ghala alimwacha kliniki akasema anarudi mchana. Mchana gani, hakusema. Mbwa alikuwa mweusi mwenye baka jeupe kifuani kama shati chini ya koti, ndiyo maana tukamwita Karani. Na woga wake ulikuwa wa karani kweli. Ukifunga mlango kwa nguvu, anaingia chini ya kitanda. Ukikohoa, anatetemeka. Mwanamume akipita nje ya dirisha, anajikojolea hapo hapo, kisha anakaa kwenye mkojo wake anaona aibu.

Mama Taratibu akamchukua kwake, vyumba viwili vya uani, safu moja na wapangaji wengine watano, bomba moja katikati. Mume hana, watoto hawakujaliwa. Mke wangu alimwambia, "Mwanamke mzima unalea mbwa mwenye wazimu! Huna haya?" Mimi nikaongeza kwamba angalau huyu mume hatatoroka, maana mlango tu anauogopa. Kila mtu alicheka. Yeye pia alitabasamu, kidogo, akaendelea kukatakata ini la kuchemsha vipande vidogo kama punje za mahindi.

Ugomvi ulianzia kwa mwenye nyumba. Ni mtu mnene, mwenye kikohozi kikavu na bunda la funguo kiunoni, na havuki kizingiti chake bila koti la kijivu lenye mifuko miwili kifuani. Kila akigonga, Karani alilia kilio cha kuchanika, kama anachinjwa, na wapangaji wakalalamika. Siku moja mwenye nyumba alisimama uani akatangaza ili wote wasikie:

"Mama, nakupa wiki nne. Jumapili ya nne nakuja hapa, napita kuanzia getini mpaka mlangoni kwako. Nikisikia kilio, au nikiona jino, mbwa anaondoka. Na asipoondoka yeye, mnaondoka wote."

"Sawa, baba," akasema Mama Taratibu. Alikuwa hana pengine pa kwenda. Kwangu kuna kuku na mke wangu, na wote hawapendi mbwa.

Basi akachukua chaki akapiga mistari sakafuni na uani, kutoka uvunguni mwa kitanda mpaka getini. Kila siku mbwa alitakiwa kusogea mstari mmoja tu, kwa hiari yake. Siku akikataa, haulizwi. Lakini ilihitajika sauti ya kiume, na mwanamume wa kugonga mlango. Nani mwingine?

Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini katika mchezo wa kuigiza wa shule nilicheza mfalme, mke wa mfalme na mganga, wote siku moja, na wazazi walilia. Nikaazima koti la kijivu lenye mifuko kifuani. Nikafunga funguo kiunoni. Nikajifunza kile kikohozi mpaka wapangaji wakawa wananipisha njia kwa heshima. Niligonga, nikakohoa, nikatikisa funguo, nikaondoka. Kesho yake tena. Mama Taratibu alikaa kwenye ndoo yake, mgongo kwa mbwa, akitaja: mlango, funguo, kikombe, shemeji.

"Na mimi ni kitu cha chumbani?"

"Nyamaza, shemeji. Anasikiliza."

Siku ya tisa Karani alitoa pua uvunguni. Siku ya kumi na nne alisimama katikati ya chumba, miguu inatetemeka, akanitazama, hakulia. Mama Taratibu hakugeuka, lakini niliona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia.

Hapo ndipo mkono wangu ulipoingia. Mistari ya chaki ilinichosha. Mtaani nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba ninamfundisha mbwa, na watu walitaka kuona kitu, si mbwa aliyesimama tu. Kwa hiyo mchana, shemeji akiwa kazini na ufunguo ameniachia ili nimpe mbwa maji, nilitia kipande kikubwa cha ini kwenye mfuko wa kifuani wa lile koti. Nikakohoa. Nikatikisa funguo. Karani akasogea, akanusa juu, akasita. Nikapiga kifua changu mara mbili: haya, panda! Siku ya kwanza aliweka mguu mmoja. Siku ya tatu aliweka miwili. Kufikia wiki ya nne, nikikohoa tu, mbwa yule yule aliyekuwa anajikojolea alikuja mbio, mkia unatikisa kiuno kizima, akaniruka kifuani na kuchomoa ini mfukoni kwa meno ya mbele, kwa ustadi wa fundi saa. Shemeji akiwepo sikuvaa koti tena, nilimwambia mazoezi ya mchana yanatosha, na nilipanga kumwonyesha baada ya Jumapili, iwe zawadi. Kwake hakuruka kamwe, maana yeye hakohoi wala hana koti.

Jumapili asubuhi wapangaji wote walikuwa uani, kila mmoja amejipa kazi ya uongo karibu na bomba. Mama Taratibu alikaa kwenye ndoo mlangoni. Karani alilala pembeni yake, masikio yametulia. Geti likalia. Mwenye nyumba akaingia na koti lake. Akakohoa. Funguo zikatikisika.

Karani aliinuka. Hakulia. Hakuonyesha jino. Mama Taratibu aliweka mkono mdomoni kwa furaha. Mbwa akavuka mstari wa kwanza, wa pili, akashika mbio, mistari yote minne iliyobaki akaipita kwa mruko mmoja, akatua kifuani mwa mwenye nyumba kwa miguu yote miwili ya mbele.

Yule bwana alianguka chali kwenye ngazi ya bomba. Nilisikia kifundo cha mkono wake kikivunjika, sauti kama kijiti kikavu. Karani alikuwa juu yake, anachimba mfuko kwa pua, anauchana, kucha zinamkwaruza shingo.

"Anatafuta koo! Anatafuta koo!" mpangaji mmoja akapiga kelele, na tangu hapo hakuna aliyesema vingine.

Jumatatu asubuhi tulikuwa kliniki, mimi, shemeji na mbwa. Mwenye nyumba alikuwa ameshapeleka ujumbe: daktari aandike kama mbwa ni mkali au si mkali, na kama ni mkali, mchana asiwepo duniani. Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Nataka jibu la kweli," akasema. "Huyu mbwa amewahi kumrukia mtu mwingine yeyote kabla ya jana?"

"Kamwe," akasema Mama Taratibu, haraka, yeye asiyejua haraka. Akanigeukia. "Shemeji, si wewe ulikuwa naye kila siku? Sema."

Sasa nisikilize vizuri, maana nilidhani natumia akili. Nilijiambia: mbwa asiye na kosa la kwanza ni mbwa mwema. Nikakaza sauti kama shahidi wa mahakamani.

"Kamwe, daktari. Hata siku moja."

Daktari akashusha pumzi. "Ningependa mngeniambia amezoea kuruka. Mbwa anayerukia watu kwa mchezo naweza kumwandikia kwamba ni mchezo. Lakini mbwa asiyemrukia mtu yeyote, halafu mara ya kwanza anamwangusha mgeni na kumshika shingoni, huyo siwezi kumtetea."

Ulimi wangu uliinuka. Naapa uliinuka. Lakini mlangoni alisimama muuza matairi, aliyekuja kuchungulia, ambaye wiki nzima nilikuwa nimemtambia kwamba mimi ndiye mwalimu wa mbwa mtaa huu. Ulimi ukalala tena.

Mama Taratibu hakulia. Alimpandisha mwenyewe mezani. Akageuza ndoo, kisha akakumbuka kwamba safari hii lazima amshike, akaiacha. Akamkumbatia kichwa.

"Dirisha," akamwambia. "Taulo. Kitasa."

Mbwa wengine wote niliowaona kwenye meza ile walipigana mpaka mwisho. Karani alilala kama yuko kitandani kwake. Daktari alisema hajawahi kumwona mbwa wa namna hii akitulia hivyo. "Umemtengeneza vizuri sana, Mama," akasema, akanyoa manyoya kidogo mguuni, akaingiza sindano. Aliniambia nishike miguu ya nyuma. Nikainama. Vumbi la manyoya likanipanda puani, nikakohoa.

Karani alinyanyua kichwa. Macho yalikuwa yameanza kuwa mazito, lakini alinyoosha shingo kuvuka mkono wa shemeji, akafikisha pua kwenye mfuko wa shati langu, akaubinua, akanusa ndani. Mkia ukagonga meza ya chuma mara mbili. Kisha kichwa kikashuka.

Mama Taratibu alikuwa anatazama ule mfuko.

"Alikuwa anatafuta nini?" akauliza.

Nilifunga kifungo cha mfuko.

"Shemeji. Alikuwa anatafuta nini hapo?"

"Ini," nikasema.

"Mara ngapi?"

"Kila siku. Tangu wiki ya tatu."

Daktari aliweka bomba la sindano kwenye sahani, taratibu, akasema, "Toka nje."

Nilitoka. Baada ya muda shemeji naye akatoka, akanipa Karani amefungwa kwenye taulo. Alikuwa bado wa moto. Tulipita mtaa mzima hivyo, yeye mbele, mimi nyuma na mzigo. Muuza matairi akaita, "Mwalimu! Mwanafunzi amefaulu?" Watu wakaangua kicheko. Kicheko chenyewe nilikuwa nimewafundisha mimi.

Mwenye nyumba alikuwa uani, mkono umefungwa plasta, kiti kimetolewa nje. Mama Taratibu alisimama mbele yake.

"Mwambie," akaniambia mimi.

Nikamwambia. Koti, kikohozi, funguo, ini. Wapangaji wakasogea. Yule mtu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na machozi yakamtoka, akijishika mkono uliovunjika.

"Kumbe maini!" akasema. "Si mngeniambia tu jana? Ningemwacha. Mimi mwenyewe nimefuga mbwa."

Wapangaji nao wakacheka, maana mwenye nyumba amecheka. Mama Taratibu alikwenda nyuma ya vyumba, akarudi na jembe, akaniwekea miguuni. Nikachimba. Ardhi ilikuwa ngumu, jua lilikuwa kali, na hakuna aliyenipokea jembe.