Jumamosi za Mama Kule Milimani

Juzi Jumanne binti yangu alinisogezea simu yake juu ya meza ya jikoni, hapa kwetu Macquarie Fields, Sydney, akaniuliza kama mji wa kwenye picha si ule niliokaa nilipokuwa mdogo. Aliniuliza kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa vizuri, ila tangu aanze shule hajawahi kunijibu kwacho. Mwezi ujao anasafiri na rafiki zake wawili, wiki nne huko kaskazini mwa India, na akirudi anahamia Perth, upande wa pili wa nchi hii, amepata kazi huko. Alikuwa akisoma ukurasa wa kuwashauri wasafiri wenye mifuko myepesi: mambo ya kufanya katika mji mdogo wa milimani bila gharama.

Nikavaa miwani. Barabara ya juu ya mgongo wa mlima niliitambua mara moja, na ukingo wake wa chuma, ingawa sasa hoteli zimeota pande zote. Nikasoma orodha nzima. Kutembea kwenye mgongo wa mlima, bure. Kuangalia vilele vya theluji asubuhi, bure. Chakula cha mchana katika hekalu la Masingasinga, bure, mgeni yeyote anakaribishwa. Nikacheka mpaka binti yangu naye akacheka, halafu kicheko kikanikatika nikajikuta ninalia. Aliyeandika orodha ile anadhani ameigundua yeye. Orodha ile ni ya mama yangu.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, maana nisipokueleza wewe sijui nitamweleza nani.

Baba alikuwa mwalimu Kigoma. Akapata nafasi ya kusoma miaka miwili katika chuo kimoja cha kanisa kule milimani, pamoja na posho iliyopangiwa mtu mmoja. Sisi watatu tukamfuata: mama, mimi wa miaka tisa, na mdogo wangu wa kiume wa miaka sita. Posho ya mtu mmoja ikalisha vinywa vinne, kwa hiyo unaweza kujua mwenyewe tulivyoishi. Tulikaa chumba kimoja chini ya nyumba ya watu, ukuta ukitoa maji msimu wa mvua, na baridi ilikuwa ya kulala na soksi mikononi. Wiki nzima baba alikuwa na vitabu vyake, na Jumamosi ndiyo kabisa, alifungiwa maktaba kama mfungwa. Jumamosi ikawa ya mama.

Mama hakuwa na hata senti ya kututoa matembezi, na hakuona kwa nini hilo limzuie. "Macho hayalipi kiingilio," alikuwa akisema, huku akitufunga vilemba vya sufi mpaka tukabakiwa na pua tu. Tulianza asubuhi msituni, kuokota matunda makavu ya misonobari, yale magumu yenye magamba, kwa ajili ya jiko letu la bati. Vidole vilinata utomvu mpaka jioni. Hadi leo nikipita mahali penye harufu ya msonobari, tumbo langu linaamini kwamba uji uko karibu.

Tukitoka msituni tulipanda kwenye mgongo wa mlima kusubiri mawingu yafunguke. Yalifunguka au hayakufunguka, mama alikuwa radhi. Yakifunguka, safu nzima ya theluji ilisimama mbele yetu, nyeupe, kimya, na mama alipiga makofi kama aliyeletewa zawadi. Kisha tulishuka stendi kutazama watalii wakiteremka basi. Barabara ya kuja kule ina kona zisizohesabika, na hao watu wa tambarare walishuka wakiwa wamevaa kofia mpya za sufi na nyuso za kijani, wengine wakitapika kabla hata mguu haujagusa ardhi. Mama alitufinya tusicheke, na mwenyewe kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika.

Saa kumi jioni palikuwa na duka la mikate. Mama alijua saa ambayo tanuri hufunguliwa na upande ambao upepo hupeleka harufu, akatusimamisha hapo hapo. "Vuteni," alituambia. "Ya leo ina iliki." Mwenye duka hakutupa hata ganda la mkate siku moja. Mama hakumlaumu, alisema yule bwana angeweza kufunga dirisha na hakufunga.

Sasa hekalu. Jumamosi ya kwanza tulipita nje tukaona viatu vimepangwa mlangoni mamia, watu wanaingia na mitandio kichwani, ndani masufuria yanayotosha kuogea ng'ombe, na wanawake wamekaa chini mistari mizima wakisukuma chapati. Mama alisimama. Kwetu, mtu akiona hivyo hahitaji kuambiwa. Hiyo ni harusi, na ya watu wenye uwezo. Na kwetu mwanamke hapiti harusi ya jirani akaenda zake kama hakuona, wala hangoji kadi, anajifunga kibwebwe anaingia jikoni. Tena mkono mtupu haulambwi. Basi mama alichukua mfuko wetu wa kuni za msonobari, tulizohangaikia tangu alfajiri, akaukabidhi kwa bibi mmoja mwenye mtandio mweupe aliyekuwa mkuu wa jiko. Yule bibi aliupokea kwa mikono miwili. Kisha mama akavua viatu, akajifunga kanga, akaketi, akavuta donge la unga.

Alisukuma chapati mpaka mchana. Kitu kimoja tu kilimtia simanzi: zile chapati hazikukunjwa wala kutiwa mafuta, zilitupwa kavu juu ya bamba la chuma. "Masikini," aliniambia kwa sauti ya chini, "harusi kubwa hivi, mafuta yamewaishia." Tulikula dengu na chapati kavu na wali wa maziwa wenye zabibu, tumekaa sakafuni pamoja na matajiri na ombaomba, mpaka mdogo wangu akalala pale pale alipokaa.

Jumamosi ya pili, harusi tena. Mama alisema watu hawa wanaoana sana. Jumamosi ya tatu, katikati ya kazi, watu wote ukumbini waliitikia kwa sauti moja kubwa, na mama, unga hadi viwikoni, akajua bibi harusi ndiyo anaingia. Akaweka kibao chini, akapiga vigelegele. Vile vya Kigoma, virefu, vya kukata hewa. Yule bibi wa mtandio mweupe akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimeokota Kihindi shuleni, akaniuliza mama yako ana nini. Nikamjibu anamshangilia bibi harusi. "Bibi harusi yupi?" akauliza. Nikageuka kumuuliza mama, na mama akaniuliza mimi, na ndipo tulipoelewa kwamba hapakuwa na harusi, hapakuwahi kuwa na harusi, watu wale hupika hivyo siku zote kwa ajili ya yeyote mwenye njaa.

Wale wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama alitaka ardhi ipasuke. Lakini yule bibi alimwekea donge jingine la unga mbele yake, akampigapiga mgongoni, na kuanzia siku ile, kila tukiingia alianza kwa kuuliza bibi harusi yuko wapi. Baba aliposikia alikasirika. "Yaani mmekwenda kula kwenye ibada za watu?" Mama akamjibu, "Nimekwenda kupika." Jumamosi iliyofuata baba aliacha vitabu vyake, akaja, akaosha sahani.

Miaka miwili tu, kisha tukarudi Kigoma. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, na hakuna mingine iliyonijaa hivi.

Nilifika Sydney nikiwa mtu mzima, na mume na mtoto wa miaka mitatu. Mume wangu ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi, upande wetu wa Kigoma, naye hakuwahi kuwa na nyumba ya matofali maishani mwake, kwa hiyo tulikuja na njaa ya nyumba. Yeye alipata kazi ghalani, mimi nikapata kwenye nyumba moja ya wazee huko Campbelltown, kuwaogesha, kuwavisha, kuwalisha. Mwisho wa wiki malipo hupanda. Mume wangu alisema, "Chérie, weekend rates ndiyo italeta deposit ya nyumba, tufanye nini?" Nami nikakubali haraka, simsingizii. Nikaomba Jumamosi zote na Jumapili zote. Kwanza zilikuwa za nyumba. Halafu zikawa za bati la nyumba ya mama kule Kigoma, halafu za gari. Baadaye sababu zikaisha, mazoea yakabaki.

Mtoto alikaa kwa mama jirani, Mkongomani, mwanamke mwema mwenye watano wake. Alimlisha, akamsuka nywele, mengine ikayamaliza televisheni.

Na mji wenyewe huu! Hakuna mji ambao mama angeufaidi kama huu. Fukwe zisizo na mlango, bustani zisizo na mlinzi wa kuulizia tiketi, majiko ya kuchomea nyama yaliyowekwa hadharani ubonyeze tu kitufe. Mama angemaliza mwaka mzima bila kurudia mahali. Alikuwa akinipigia kila Jumamosi, mchana wa kwao, jioni ya kwetu, na swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo: "Leo mmetembea wapi?"

Mara ya kwanza nilimwambia ukweli, kwamba nilikuwa kazini. "Hata bustanini hapo jirani?" aliuliza. Sauti yake ilinikata. Jumamosi iliyofuata nikamdanganya.

Uongo wenyewe niliupata kwa wazee wangu. Ukimwogesha mtu anakusimulia. Palikuwa na bibi mmoja aliyenieleza juu ya kidimbwi kilichochongwa kwenye miamba ufukweni, maji ya bahari yakipanda yanaingia, alikojifunzia kuogelea. Jioni ile nikamwambia mama, "Tumekwenda baharini leo. Kuna kidimbwi kwenye mawe." Akauliza, "Mtoto aliogopa?" Nikamjibu, "Kidogo. Nilimshika mkono." Mama alifurahi hata akawaita majirani wasikie. Wiki nyingine nikampa kivuko, nyingine msitu wenye ndege wanaocheka kama watu, zote mali ya wazee wa Campbelltown. Nilifanya hivyo miaka na miaka. Mama alifariki mwaka juzi, akiamini nimerithi Jumamosi zake.

Basi hiyo Jumanne, nilipokwisha kumsimulia binti yangu habari ya hekalu na vigelegele, nilifuta miwani nikajikaza. "Nichukue," nikamwambia. "Twende wote. Nitakuonyesha kila kitu, mpaka mahali pa kusimama tanuri la mikate linapofunguliwa." Sikumbuki nimewahi kumwomba mtu kitu hivyo.

Hakunikatalia kwa ukali. Ningependa angekasirika. Alinishika bega, akasema kwa Kiingereza chake laini kwamba tiketi zimeshakatwa, vyumba vimeshalipiwa, na isitoshe mimi sijawahi kuchukua likizo mwisho wa wiki, ningeanza vipi kuchukua nne? Alisema hivyo kama anayetaja kimo changu au rangi ya macho yangu.

Ilinipasa niishie hapo. Lakini mtu aliyeshikwa na hofu haachi kujichimbia shimo. Nikamuuliza, "Ulipokuwa mdogo, ni Jumamosi ipi unaikumbuka? Hata moja." Nilitumaini labda ipo moja niliyoisahau mimi, ya kuumwa, ya sikukuu, ya mgomo wa treni.

Na alipojibu, alinijibu kwa Kiswahili.

"Nakumbuka simu ya Bibi," alisema. "Wewe ulikuwa unatoka kazini, unanichukua kwa jirani, unakaa kwenye ngazi na viatu bado, unaongea na Bibi. Mimi nakaa nyuma ya mlango. Kila Jumamosi. Nasikiliza leo tumeenda wapi."

Kilikuwa Kiswahili kizuri, cha Kigoma kabisa, na matamshi ya mama yangu. Sikuwahi kujiuliza alikuwa akikijifunza wapi.

"Ile ya maji kwenye mawe nilipenda sana," akasema. "Niliogopa kidogo. Ulinishika mkono."

Kisha akatazama saa, akachukua mkoba wake, akaenda kazini.

Kile kidimbwi kipo kweli. Nimeuliza. Ni treni mbili na kutembea kidogo, na mtu halipi chochote kuingia. Ningeweza kumpeleka Jumamosi yoyote katika miaka ishirini. Hata kesho ningeweza kwenda, nikavua viatu, nikaketi kwenye mawe. Lakini mama wa kumsimulia hayupo, na mtoto wa kumshika mkono hayupo tena.