Kipande cha Katikati

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni Jumamosi moja nilipovaa jezi kabla hata ya kunywa chai, na mechi yenyewe ilikuwa saa tisa alasiri. Nilikuwa kijana, nahodha wa timu, dereva wa trekta kwenye shamba la ngano upande wa Basotu, na nilijiona nimemaliza kila kitu. Cheka tu. Hata mimi huwa nacheka, mpaka nifike pale pa kunyamaza.

Jana nimewasikia wewe na wenzako mkibishana hapo nje. Nusu yenu mnasema yule mshambuliaji afukuzwe, ana jeuri, haji mazoezini, hali na wenzake, mechi ikiisha anatoweka. Nusu mnasema aachwe kwa sababu anafunga. Masikio yangu bado yanafanya kazi, ni miguu tu iliyostaafu. Na kwa kuwa wewe ndiye nahodha, nimekuita. Kaa. Uji utaunywa huku unanisikiliza.

Sisi nasi tulikuwa na mtu wa namna hiyo. Aliitwa Gidahoda. Alitoka kwa wafugaji wa tambarare, watu ambao ng'ombe wao walilisha pale pale kabla ngano haijaja. Shambani alikuwa kibarua wa kubeba mbegu, na uwanjani, sijui nikueleze vipi. Mpira unashuka kutoka juu, anaupokea kwa mguu wa kushoto, unatulia, na beki anabaki ameshika kiuno. Nimetazama mpira miaka mingi tangu hapo, hata kwenye televisheni ya mjukuu wangu, na bado ule mguu naungojea.

Lakini tabia yake ilitushinda. Akifunga goli hasherehekei. Anageuka na kurudi nafasi yake kama mtu aliyetoka kufunga zizi. Mazoezini haji. Tukipikiwa pamoja baada ya mechi, hayupo. Siku moja msimamizi wa mashamba alikuja kutupongeza, akanyoosha mkono kwa kila mchezaji, na Gidahoda akauacha ule mkono hewani. Kambi nzima ilizungumza wiki mbili. Mpishi wetu, Mama Anna, alimtetea na kumwekea ugali pembeni kila Jumamosi, ugali ambao hakuwahi kuja kuula. Wengine walisema, "Huyo Mmang'ati anatudharau," na jina hilo walilitamka kwa kejeli. Mimi nilikuwa katikati. Mdomoni nilikuwa na wanaomlaumu, uwanjani nilikuwa naye.

Ijumaa moja hakuja mazoezini tena, nikapandisha hasira nikamfuata. Nilimwona anakatiza kwenye mabua ya ngano iliyokwisha kuvunwa, anakwenda tu, mpaka katikati ya shamba kubwa. Nilimkuta ameketi kwenye kichuguu chenye majani marefu. Nilidhani ni cha mchwa.

"Wenzako wanakimbia, wewe umekaa juu ya kichuguu?" nikamwambia.

"Punguza sauti," akasema. "Huyu ni baba yangu."

Watu wake, mzee mwenye heshima akifa, humjengea kilima cha udongo juu ya kaburi. Ukoo wote hukusanyika na kazi huchukua miezi. Wao huliita bung'eda. Halafu watoto na wajukuu hurudi hapo kuomba, kuleta asali na tumbaku, kumweleza mzee habari za nyumbani. Ngano ilikuja ikayakuta makaburi hayo tambarare yote. Mengine hayakuonekana tena. La baba yake lilikuwa bado limesimama, lakini kila msimu haro, lile jembe la visahani linalokokotwa na trekta, ilikuwa inaling'ata kidogo ubavuni. Ndiyo sababu kila akipata saa alikuwa anakwenda kukaa pale. Dereva ukimwona mtu ameketi mbele yako, hata kama una haraka namna gani, utakata kona.

Nilisimama pale na aibu yangu. Kumbe yale mazoezi yetu, ile mikono ya kupeana, huo ugali, vyote tulikuwa tunamdai mtu aliyekuwa kwenye lindo.

"Shamba hili nalima mimi," nikamwambia. "Wewe njoo mazoezini. Haro haitamgusa."

Akainuka. "Unasema kweli?"

"Nasema kweli."

Jumatano iliyofuata alikuja. Alikuwa wa kwanza kufika! Akaanza kula na sisi, Mama Anna karibu alie. Watu wakanishika bega wakisema nahodha ni mimi, nimemnyoosha yule jeuri. Na mimi, mwanangu, nilizipokea hizo sifa. Sikumweleza mtu kilichomleta. Nilijua wangecheka kwamba mimi Paulo, mtoto wa Mkristo wa Endasak, nimegeuka mlinzi wa makaburi ya wafugaji. Nikaona haina haja.

Sasa elewa tulivyokuwa tunalima. Shamba lile lilikuwa kubwa hata ukisimama upande mmoja trekta ya upande wa pili huisikii. Tulilima kwa kuzunguka. Unaanzia ukingoni, unazidi kuingia ndani siku baada ya siku, mpaka kinabaki kipande cha katikati. Huko ndiko alikokuwa baba wa Gidahoda. Miaka yote kipande hicho kilikuwa cha mwisho kulimwa, na mwaka huo kilibaki asubuhi ya siku ya mechi. Ile Jumamosi ya jezi.

Ilikuwa mechi ya kuamua nani wa ukanda wetu aende Arusha. Aliyekuja kunipokea trekta aliitwa Bura, dereva mgeni, mtu mzuri na mchapakazi. Lori la wachezaji lilikuwa limeshawaka. Vijana walikuwa juu wanaimba na kunipigia kelele nipande. Gidahoda alikuwa amekaa nyuma kabisa, viatu vimefungwa pamoja na kuning'inia shingoni. Nikashuka kwenye trekta.

Bura akaniuliza kwa sauti, waliokuwa mbele ya lori wakisikia, "Huko katikati kuna kitu cha kuangalia?"

Neno lilikuwa mdomoni, mwanangu. Lilikuwa fupi tu, niseme kile kichuguu ni kaburi, azunguke. Nikatazama lorini nikaona zile nyuso zinanisubiri, nikawaza watakavyocheka njia nzima. Gidahoda alikuwa mbali, injini inanguruma, hakusikia.

"Hamna," nikasema. "Malizia tu."

Nikapanda lori. Nilijiambia kwamba Bura akikiona kichuguu atakwepa mwenyewe, dereva gani anataka kuvunja haro.

Tulishinda mbili bila. Yote mawili alifunga yeye. La pili alipiga akiwa anaanguka, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisherehekea. Alikimbia akaja kunikumbatia mimi. Siyo mwingine, mimi. Nasikia uzito wa mikono yake mpaka leo.

Kwenye kurudi aliimba. Jua lilikuwa bado linaumulika mlima Hanang tulipofika njia panda ya shamba, akagonga bodi la lori lisimame. "Shuka na wewe," akaniambia. "Nataka nimwambie baba, na wewe uwepo." Nilishuka. Ningesema nini?

Tulitembea yeye akiwa mbele, anaongea, yeye ambaye alikuwa haongei. Halafu akanyamaza. Shamba lote lilikuwa limelimwa. Udongo ulikuwa mweusi na sawasawa kutoka ukingo hadi ukingo, na Bura alikuwa amefanya kazi safi kabisa.

Gidahoda alitembea huku na huku juu ya matuta, anatafuta mahali penyewe. Hakupata. Mwisho akasimama, akaniuliza polepole.

"Nani alikuwa kwenye trekta?"

"Bura."

"Ulimwambia?"

Sikumjibu. Alingoja, nami nikatazama viatu vyangu vya mpira. Akavua jezi, akaikunja vizuri, akanipa mkononi. Hakunipiga, hakunitukana. Ningeshukuru kama angenipiga. Akaondoka kifua wazi kuelekea ziwa la Basotu, na mimi nikabaki pale na jezi mpaka nikaona nimekuwa mjinga.

Kambini walisema, "Si tulisema? Ana jeuri yule, katuacha njia panda." Na hapo nikakosa mara ya pili, maana nilinyamaza tena. Kosa la kwanza naweza kulisingizia haraka na injini ya lori. La pili sina cha kulisingizia. Arusha tulifungwa, na wale waliokuja kuchagua wachezaji waliuliza yuko wapi yule wa mguu wa kushoto. Nikasema ameacha mpira.

Nilipokwenda nyumbani nilimweleza baba yangu, hapa hapa tulipokaa, akiwa anapukuchua mahindi. Hakuacha kupukuchua.

"Uliahidi?" akauliza.

"Niliahidi, baba."

"Basi tangu siku hiyo lindo lilikuwa lako. Yeye aliondoka kwa sababu wewe uliingia." Akatupa gunzi. "Na mnamwita yeye jeuri. Alikuwa na sababu ya kutokuja kwenu. Wewe ulikuwa na sababu gani ya kutosema?"

Alinipa asali, akaniambia niende nisirudi bila kuonana na wale watu. Nilizunguka siku tatu ndipo nikafika kwenye boma lao. Nilimkuta mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Gidahoda hakuwepo. Alikuwa ameswaga ng'ombe kwenda mbali, upande wa Singida, na hakusema atarudi lini. Nikamweleza mama yote, sikuficha lile neno la "malizia tu." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza lakini alinielewa, kwa sababu aliweka asali chini asiifungue. Akanitazama.

"Mtoto wangu alisema, kule shambani ana mtu mmoja," akasema. "Ni wewe?"

Mwanangu, nimeoa, nimezika, nimeugua. Hakuna swali lililowahi kuniumiza kuliko hilo. Nikamwambia ndiyo, ni mimi. Akaingia ndani.

Sikumwona tena Gidahoda. Nilimuulizia minadani, kwa wachunga ng'ombe, kwa madereva. Mashamba yale yalipokwisha na mitambo kuota kutu, nilikwenda mara nyingi kule katikati. Hakuna alama. Sijui kama nazunguka mahali penyewe, lakini nikifika kwenye eneo lile nakata kona, na watu ninaotembea nao wanadhani nimechanganyikiwa. Nina hamu na yule mtu. Si magoli yake. Natamani anikute njiani aniulize tena lile swali, "Ulimwambia?", ili mara hii nimjibu.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na usiipambe. Kabla hamjakaa kumjadili yule kijana wenu, mfuate ujue anakwenda wapi akitoka uwanjani. Huenda ni jeuri kweli, wapo. Huenda ana mgonjwa, au ana lindo lake. Akikwambia, usiwe wa kuitaka miguu yake peke yake, utake na kile anachokilinda. Ukimwahidi kitu, kiseme mbele ya wote, wacheke wakitaka. Kicheko cha wenzangu kingekwisha kabla lori halijafika uwanjani. Mimi bado nalipia kukiogopa.

Haya, maliza uji, uende kabla yule kijana hajaondoka. Mungu wa baba zetu, wa milimani na wa tambarare, akupe neno kinywani linapotakiwa, na nguvu ya kulitoa. Akulindie rafiki zako. Na siku rafiki yako atakapokuuliza, uwe na jibu, umtazame machoni, mrudi nyumbani wote wawili.