Tai Aliyekunja Mabawa Mbele ya Gari la Harusi

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata ile iliyopandishwa bendera ya uhuru, na bendera ile niliitazama mpaka shingo ikanipinda wiki nzima. Ni miaka ileile. Binamu yangu Salimu wa hapa Waa alikuwa anamwoa Mwanasha wa Msambweni.

Kwetu Wadigo mjomba akikataa, hata baba mzazi hukunja mkeka wake. Na mjomba wa Mwanasha, Mzee Rashidi, alikuwa amekubali kwa sharti moja tu: mpwa wake achukuliwe na gari lenye tai wa fedha juu ya boneti, kama lile aliloliona Mombasa ujanani. Salimu alizunguka pwani nzima mpaka akaliazima, pamoja na dereva wake, Mzee Hamisi, mtu mpole asiyepoteza neno.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya usiku mwezi huohuo. Nilisoma kila kitu, mpaka maandishi ya magunia ya mchele. Ukutani mwa darasa mwalimu alikuwa amebandika picha ya gari la aina hiyohiyo, tai wake katanua mabawa kama anayetaka kuikumbatia Kwale yote. Basi gari lilipoingia uani kwa kina Mwanasha, nikaenda moja kwa moja kutazama boneti. Tai yule alikuwa amekunja mabawa, kichwa mbele, mwembamba kama samaki mzia.

Debe tupu haliachi kuvuma. Nikasema, na sauti yangu wakati ule ilifika Lungalunga, "Hili silo. Mimi nimeona picha shuleni. Tai huyu ni wa bandia."

Vigelegele vikakatika. Mzee Rashidi akainuka kitini. "Kumbe mmeniletea gari la kubandikabandika? Mwanasha hapandi. Mrudisheni ndani."

Bibi harusi alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Salimu alinitazama, mwanangu, nikatamani ardhi inimeze na picha yangu.

Mzee Hamisi akashuka taratibu. "Msomi," akaniita, na akina mama wakacheka, "hiyo picha yako ni ya mwaka gani?"

"Sijui, mzee."

"Hukuuliza?"

"Sikuuliza."

"Na picha ya Mzee Rashidi alipokuwa na nywele, ungeiona leo ungesema huyu aliyesimama hapa si yeye?"

Mzee Rashidi akajipapasa upara. Dereva akafungua buti, akatoa tambara, na ndani yake tai wawili aliowang'oa kwenye magari ya zamani aliyoyaendesha yakamfia njiani. Akawapanga juu ya boneti kando ya yule wa tatu. Wa kwanza katanua mabawa. Wa pili kayakunja nusu.

"Kiwanda ni kimoja," akasema. "Gari la kwanza lilikwenda kwa madaha, tai akajitanua. Mbio zikaongezeka, wakamkunja kidogo. Zikaongezeka tena, na yale mabawa yalikuwa yakichana kanzu ya kila apitaye karibu, wakamkunja kabisa. Gusa midomo yao, Mzee Rashidi."

Akagusa, mmoja baada ya mwingine. Wote watatu walikuwa na pengo dogo chini ya mdomo, mahali pamoja.

"Ndiye," akasema.

Hapo udadisi ukanishika, nikasahau aibu. "Na atakayemfuata huyu atakuwaje?"

"Naona watamwondolea mabawa, abaki kichwa. Halafu labda alama bapa tu. Utayaona wewe, ukijua kunyamaza."

Nikaomba radhi mbele ya wote. Mzee Rashidi akatoa hukumu: "Mwanasha apande. Msomi aende kwa miguu." Nikaenda, mwanangu, Msambweni mpaka Waa, na soli za viatu zilifika kesho yake.

Basi nasaha yangu ni hii. Ukiona kitu hakifanani na ulivyofundishwa, usikiite bandia kabla hujauliza kimetoka wapi na kimepitia nini. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kudhani ukurasa mmoja ndio kitabu kizima. Na ukiwa katika shughuli ya watu nawe huna hakika, meza mate kwanza. Ulimi hauna mfupa, lakini aliyekaribia kuvunjika siku ile hakuwa mimi, alikuwa bibi harusi aliyesimama mlangoni.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kupambanua na subira ya kuuliza, na siku ya harusi yako akuepushe na msomi kama mimi. Amina.