Mafuvu Yaliyopindisha Laini ya Umeme

Nimewahi kumshika babu wa babu yangu kwa mikono yangu miwili, na alikuwa na meno ya nyani.

Usicheke. Mimi sikucheka. Nilitapika hapohapo, nikapangusa mdomo kwa leso, nikatapika tena.

Kwetu ni chini ya mlima Kasigau. Zamani, kabla ya kanisa, mzee akishakaa kaburini muda wa kutosha, fuvu lake lilitolewa na kuwekwa kwenye pango la ukoo. Siku hizi tunazika kama watu wengine, lakini pango tuliliacha vilevile. Hakuna anayeingia ovyo. Unapita mbali, unapunguza sauti, basi.

Pango letu liko kwenye shamba la Reuben, baba yangu mdogo.

Sasa ikaja laini kubwa ya umeme. Ile minara ya chuma inayotoa umeme wa upepo na jua upande mmoja wa nchi na kuupeleka mwingine. Kusema kweli, niliifurahia. Vigingi vyekundu vikapigwa, vikapita katikati ya shamba la Reuben.

Reuben akawaka.

"Injinia, hapa wamelala wazee wetu! Mtasimamisha chuma juu ya vichwa vyao?"

Injinia mwenyewe, Mutuku, alikuwa mtu wa adabu. Akavua helmeti, akachungulia akiwa mlangoni mwa pango. Aliona mafuvu yamepangwa gizani, yametazama ukutani, yamefukiwa nusu. Akarudi nyuma akisema pole.

"Tutaipindisha," akasema.

Ikapindishwa. Na ilipopinda, ikaangukia nyumba ya Mama.

Hiyo nyumba marehemu baba alifyatua matofali yake mwenyewe, Mama akimtekea maji. Fidia ilikuja, sikatai. Lakini Mama alitaka kuzeekea mle ndani.

"Mama, tukatae," nikamwambia.

"Nikatae nini, Abby? Wazee wa baba yako wavurugwe ndio mimi nibaki? Wacha nihame."

Akasimama uani akitazama mabati yakishushwa. Reuben alikuwepo pia, amemshika bega, anamwita shemeji, anafuta machozi. Machozi, bana! 

Minara ikasimama, nyaya zikavutwa. Mama akapanga chumba mjini Voi, lakini roho yake haikutulia.

"Hatukuwaaga," akasema. "Mimi nimeolewa tu, wewe ni damu yao. Nenda uwaambie tumehama."

Nikaenda na chupa ya maji ya miwa, nikatase. Kama hujui kutasa: unasema maneno ya amani, unachukua funda, unalitema kama manyunyu. Unatoa kinyongo chote moyoni. Ukishatema umesamehe, hakuna kurudi nyuma.

Nikaingia na tochi ya simu. Fuvu la kwanza lilikuwa na utando wa buibui, nikaliinua nilipanguse.

Meno. Marefu, yamechongoka.

Nikainua la pili, la tatu. Nyani watupu, hawa wanaouawa kwa sumu mashambani. Moja lilikuwa bado na manyoya, yakanibaki vidoleni.

Nyuma yao kulikuwa na shimo, sururu na chekeche. Reuben alikuwa akichimba vito, yale mawe ya kijani, ndani ya pango la ukoo.

Nilimkuta nyumbani kwake anakula.

"Baba mdogo, wazee wako wapi?"

Akatafuna kwanza. "Niliwatoa kitambo. Walikuwa wananizibia mahali pa kuchimba. Niliwatupa korongoni, mvua ikawabeba."

"Na nyumba ya Mama?"

"Si alilipwa? Kwani wazee wamelalamika?"

Akalamba vidole. Nakwambia, hata wale nyani wangeona haya.

Nikampigia Mutuku. Akasema, "Abby, umeme ushaanza kupita. Mnara ule siwezi kuung'oa."

Wazee wa ukoo wakaita kikao. Nikadhani watamfukuza. Wapi! Walichotaka ni tusichekwe na majirani. Kibuyu cha pombe ya miwa kikaletwa, tutase, yaishe.

Reuben akaanza. "Mioyo yetu ipoe, ukoo uwe mmoja." Akatema vizuri, manyunyu safi. Kisha akanipa kibuyu huku anatabasamu.

Nikachukua funda. Kikao kizima kikanitazama mashavu.

Nikameza.

"Abby!" mzee mmoja akafoka. "Tema!"

"Ishashuka, mzee."

Kibuyu kikaenda kwa Mama. Mama yangu ni mtu wa kwaya, pombe hajawahi kuionja maishani. Nikajua yeye atatema, maana yeye husamehe kila mtu. Akajaza mdomo, akamtazama shemeji yake usoni, na tabasamu la Reuben likaanza kuisha.

Akameza pia.

Akakohoa, akajifunga leso vizuri, akaniambia, "Twende, gari za Voi zisituache."

Mwenzangu unayesoma, mtu akikwambia hapa ni mahali pa wazee, vua viatu. Lakini ingia uangalie, kabla hujabomoa nyumba ya mama yako. Sisi tuliheshimu mpaka tukaogopa kutazama, na Reuben alilijua hilo kuliko sisi wote.