Kitufe cha Kijani Kilichokuwa Nje ya Kioo

Nisiseme uongo: siku ile nilicheka. Mama mmoja wa Koboko, katibu wa kikundi cha wanawake wanaolima simsim, alinipigia simu ofisini kwetu mjini Arua, Uganda. "Mwanangu, ile ya kutuma haiko."

"Iko, mama! Iko pale chini, ya kijani. Angalia vizuri."

"Haiko."

Nikaweka spika ili wenzangu nao wasikie. Akarudia, "Haiko, mwanangu, haiko," tukaangua kicheko, naye akakisikia. Hakupiga tena.

Programu ile niliitengeneza mimi. Kila kikundi kilitakiwa kuandika majina ya wanachama na kuyatuma, ndipo kipewe mbegu. Niliijaribu kwenye emuleta, yaani simu ya bandia inayokaa ndani ya kompyuta, ambayo ukubwa wa kioo chake na wingi wa nukta zake unachagua mwenyewe. Mimi, kwa kupenda sifa, nilichagua kioo kirefu chenye nukta tele, maana wakubwa walikuwa wanakuja kutazama, na kwenye vioo vidogo kazi yangu ingeonekana mbaya. Vile vidogo sikuvigusa hata mara moja.

Majina ya kikundi chake hayakufika. Mvua ikaja, majirani wakapanda, wao wakatazama.

Nilipofika Koboko nilikuta wenzake wamemvua ukatibu. Akanitolea simu yake: kioo kidogo kama kiganja cha mtoto, tena maandishi ameyakuza kwa sababu macho yake yamechoka. Nikafungua programu. Lo! Majina yalijaza kioo chote, na kitufe cha kijani kimesukumwa nje kabisa. Hata ukivuta kwa kidole hakipandi. Wanasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini huu nilimdunga mwenzangu.

"Unisamehe, mwanangu," akasema yeye. "Mimi sikusoma."

"Hapana, mama. Kosa ni langu. Kitufe hakikuwepo."

Akachukua simu yake. "Basi njoo uwaambie wenzangu hivyo hivyo."

Wanawake wa kikundi walikuwa wamekaa barazani. Yeye akasimama kando yangu, akakaza kitenge chake, akangoja. Nikafungua kinywa, nikahofia kupoteza kazi yangu, nikajisikia nikisema: "Shida ilikuwa simu yake. Ni ya zamani."

Mmoja akamgeukia. "Si tulikuambia?"

Mama yule akaificha simu yake ndani ya kitenge. Nami, aibu gani hii, nikanyamaza hadi Arua.