Lami moto ya Kyebando, na Riziki upande wa pili wa barabara

Wakuu, habari za huko mliko. Hii siipambi, ilinikuta mwenyewe hapa Kampala.

Miaka hiyo vita ya hapa ilikuwa imeisha kitambo lakini barabara bado mashimo matupu. Nikapata kibarua cha lami Kyebando, mtu wa koleo.

Riziki alikuwa Mkongo wa Bukavu. Yeye na mama yake walituuzia maharagwe na chapati pale saiti.

Alipenda kuuliza majina ya vitu. Udongo mwekundu tunaoshindilia chini? Maramu. Vijiwe vya juu? Kokoto. Ila lami aliikataa katakata, kwao ni gudron na atakufa akiita gudron. Tulicheka, banange! Siku asipokuja na swali, chakula hakishuki.

Siku moja akaniambia mama yake amepata lori la mizigo linalotoka sokoni Kikuubo, kesho mchana wanarudi kwao. Moyo ulinilipuka. Nikaapa kwamba kabla lori halijafika, namwomba abaki nimuoe.

Sasa kwa wasioijua kazi hii: lami moto ikishamwagwa, hakuna kuacha koleo. Ikipoa kabla ya kokoto, vijiwe havishiki, mvua ya kwanza inabeba kila kitu. Hata ukibanwa na haja unavumilia.

Kesho yake gari la lami likachelewa asubuhi nzima. Wamemwaga tu, namwona Riziki ng'ambo na mfuko wake. Katikati yetu lami inafuka moshi, upana wote wa barabara.

Akapaza sauti, "Una neno la kuniambia?"

Wenzangu wote wakanigeukia, fomeni naye ananitazama. Aibu ikanishika. Nikajibu, "Ngoja kwanza tumalize kokoto."

Akangoja kweli. Nilichota kama mwehu, jasho mpaka machoni. Lori likapiga honi, mama yake akaita.

Rola lilipopita juu ya kokoto ndipo pakakanyagika. Nikavuka mbio. Hakuwepo.

Barabara ile imeshakwanguliwa na kuwekwa upya mara sijui ngapi. Nina mke, nina wajukuu, nashukuru Mungu (mama watoto asiuone uzi huu). Lakini nikisikia harufu ya lami moto namtamani Riziki mpaka kifua kinauma.

Nilichojifunza: ukiwa na neno kwa mtu, liseme hata saiti nzima ikisikia. Nyie mlishawahi kumkosa mtu hivi hivi? Hebu mwageni hapa.

Na kama kuna wa Bukavu humu anayemjua, mwambie nilitaka kumwambia abaki.