Kigingi cha Mshtarii

Bi Shubiri aliuza ndoo, mabeseni na kamba ya kukata kwa mita. Jina hilo alibandikwa na wateja waliojaribu kumwomba awapunguzie bei. Kibanda chake kilijibana kati ya fundi viatu na mtaro, kwenye mtaa wa shule ya msingi. Kibanda cha kwanza, kile cha kule stendi, kilibomolewa. Na hakikubomolewa ghafla. Alianza kuja kijana mwenye futi ya chuma na adabu zake, akapima huku akisema ni kazi ya ofisi tu, mama, usijali. Kisha ikaja rangi nyekundu. Kisha likaja tingatinga. Tangu hapo Bi Shubiri alijua kwamba ubomoaji huanza na shikamoo.

Basi asubuhi ile alipoona watoto wakiburuta kamba kutoka getini kwa shule, wanahesabu kwa sauti, na nyuma yao mwalimu kijana kabeba nyundo na vigingi vyenye vichwa vyekundu, hakungoja kuambiwa. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kamba ilikomea mbele ya mabeseni yake.

"Sabini na nane!" akapaza sauti msichana mmoja mwembamba. Mwalimu akagongelea kigingi palepale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnapima nini?"

"Mshtarii, mama."

"Ndiye nani huyo? Anataka kujenga hapa?"

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akaeleza: jua ni ule mpira uliotundikwa getini, mkubwa kama balungi. Kila mita moja ya mtaa ni kilomita milioni kumi za huko juu. Kwa kipimo hicho dunia ni kama kichwa cha pini, iko pale kwa kinyozi, na Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, ni gololi, na mahali pake ni hapa. Kesho wazazi watapitishwa waone.

"Mwanangu, gololi yenyewe ndogo hivyo. Si uisogeze kidogo kwa jirani?"

"Haiwezekani, mama. Hicho ndicho watoto wanachojifunza, kipimo hakisogezwi."

"Chukua beseni basi. La bluu, halipasuki hata ukilikalia."

"Nashukuru, mama, sihitaji."

Hapo ndipo aliposhuku kweli. Biashara ilimfunza kwamba anayekataa cha bure ameshalipwa kwingine.

Jioni watoto walipotoka shule akaking'oa kigingi, akakichomeka ng'ambo ya mtaro, kwenye kipande kisicho na mwenyewe. Juu ya shimo akafunika beseni kubwa.

"Dada, unahamisha nyota?" fundi viatu akamtania.

"Nahamisha balaa. Wewe shona."

Kesho yake wazazi wakaja. Yule msichana, mkuu wa kundi la Mshtarii, akavuta kamba yake, nayo ikaishia kabla ya kigingi.

"Jana mlipima kweli nyie?" mwalimu akauliza.

"Ni huyu, mwalimu! Ametuharibia!" wenzake wakamgeukia.

 Msichana akaikagua kamba kama ina fundo, akapima upya kutoka getini. Kisha akaenda mbele kwenye kigingi cha Zohali, sayari inayofuata, akapima kurudi nyuma. Mara zote mbili kamba ilimfikisha kwenye beseni lilelile.

"Bibi, naomba uliinue."

"Beseni linauzwa, mjukuu wangu, haliinuliwi."

"Bei gani?" akauliza baba mmoja katika wazazi.

Bi Shubiri akataja bei maradufu ili amfukuze. Yule baba akalipa bila kubembeleza, akalichukua beseni lake, na mtaa mzima ukaliona shimo.

"Haya, nimekihamisha mimi," akasema Bi Shubiri, mikono kiunoni. "Nilivunjiwa kibanda kwa kupimwa hivihivi. Mtoto msimwonee, kapima sawa. Ila wewe mwalimu, hiyo Zohali yenu umeichomeka wapi?"

"Bustanini, kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Kipimo ndiko kilikoangukia."

Akaenda kuona kwa macho yake. Kweli, kigingi chekundu kilikuwa katikati ya maua ya mkubwa wa ofisi, na mtunza bustani anakizunguka kwa hasira na keni yake ya maji. Bi Shubiri akakitazama kwa kitambo. Watu wa kubomoa anawajua: hawaanzi na maua ya bosi wao.

Aliporudi akachukua futi yake mwenyewe ya dukani, akamshikisha msichana ncha moja, wakapima tangu getini. Sabini na nane.

"Kirudisheni," akasema. "Lakini kwa leo tu. Jioni mnaking'oa mbele yangu na shimo mnaziba nyie."

"Mama, tungependa kikae hadi mwisho wa wiki," mwalimu akajaribu.

"Kesho adhuhuri."

"Kesho kutwa?"

"Kesho adhuhuri, na rangi nyekundu muifute."

Wakakubaliana. Adhuhuri ya siku ya pili kigingi kikang'olewa, kichwa cheupe. Bi Shubiri akashindilia jiwe shimoni kwa kisigino, akapanga ndoo juu yake.

"Umeamini sasa?" fundi viatu akauliza.

"Mshtarii nimemwamini. Mwalimu nitamwangalia muhula mzima."